Gari la Mringaringa

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja ambayo mpaka leo, nikiwa bibi mwenye magoti yanayolia kuliko bawaba za mlango wa kanisa, bado haijanitoka. Ilianza kama Jumapili nyingine zote. Tulitoka ibadani, tukala machalari, ndizi zetu za nyama, mama akajinyoosha kidogo, baba akaenda kwa jirani kuonja mbege, pombe yetu ya ndizi. Kufikia jioni nyumba yetu haikuwa tena nyumba ile.

Kwetu Mwika, kama hujafika, ardhi yote imeinama. Ukiangusha chungwa mlangoni utaliokota kwa jirani, tena uombe lisiwe limempita. Sasa mtoto aliyezaliwa mahali kama hapo unadhani atacheza nini? Atacheza kuteremka. Siku hizi mnawanunulia wajukuu zangu magari ya plastiki yanayopiga king'ora na kuwaka taa, na ikifika Jumatano king'ora kimeshakufa. Sisi tulikuwa na gari la mbao. Ubao mmoja wa kukalia, ekseli mbili za mti mgumu, magurudumu manne yaliyochongwa kwa panga kutoka gogo la mringaringa na kutobolewa kwa chuma cha moto. Usukani ni kamba ya mgomba. Breki ni visigino vyako mwenyewe. Grisi ni parachichi lililoiva sana, ndiyo maana mama zetu walikuwa wakiweka maparachichi juu ya kabati na wasiyakute.

Kaka yangu Anaeli alikuwa fundi wa magari hayo. Ya wenzake yalipiga kelele mpaka ng'ombe wakaruka zizini, lakini la kwake lilivuma tu, taratibu, kama mtu anayeimba akiwa peke yake. Alikuwa amenizidi miaka kadhaa na alinidekeza vibaya. Nilipolia kwamba gari lake halina bendera kama gari la mkuu wa wilaya, alichukua chuma cha moto akatoboa tundu dogo mbele ya ubao, akachomeka jani la mgomba. Nilijiona mkubwa kuliko malaika.

Rafiki yake alikuwa Elifuraha, mtoto wa jirani. Kihamba chao na chetu, mashamba ya migomba ya ukoo, vilitenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu, na wale watoto wawili walikuwa wakivuka huko na huku kiasi kwamba mama hakujua kila siku anapika kwa ajili ya wangapi. Baba alikuwa amewakataza jambo moja: wasiteremke mteremko wa kanisani. Chini yake unakatiza mfongo, ule mfereji wetu wa kupeleka maji migombani, na kingo zake ni mawe matupu.

Jumapili hiyo waliteremka. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya njia nikishangilia bendera yangu. Katikati ya mteremko kigingi cha gurudumu la mbele kilichomoka, gurudumu likaenda zake, na gari likapinduka. Anaeli alirushwa kwenye majani. Elifuraha, aliyekuwa amekaa mbele, alikwenda moja kwa moja kwenye mawe ya mfongo. Alilala pale, damu inatoka kichwani, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Anaeli alimvuta kutoka majini, akamtikisa, akamwita, akamwita tena. Hakuna jibu. Nilimwona kaka yangu akisimama, uso umekuwa wa majivu, kisha akakimbia kuelekea migombani. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile, mwanangu, guu lilivunjika la mwenzake.

Watu wazima walikuja, wakambeba Elifuraha kwa machela. Na kabla giza halijaingia vizuri, mama alikuwa amempata Anaeli alikojificha na kumkabidhi kwa mjomba wetu, aliyekuwa na shamba la mahindi huko chini Bomang'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Aliyemwaga damu huondolewa kwanza mbele ya macho ya wenye uchungu, mpaka wazee wakatengeneze.

Na wazee walitengeneza. Baada ya siku chache baba alikata isale, akashika njia na wazee wa ukoo kwenda kwa jirani. Labda nyinyi mliokulia mjini mnaliona isale kama ua la kupamba tu. Ndilo jani tunaloweka kwenye mipaka na makaburi, na ndilo mkosaji hulibeba anapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale, hata kama moyo unachemka, huwezi kukataa. Baba yake Elifuraha alilipokea. Wakanywa mbege kibuyu kimoja, mambo yakawa yamekwisha. Elifuraha mwenyewe alilala hospitali muda mrefu, akapona, mguu mmoja ukabaki mfupi. Halafu mjomba wake aliyekuwa anafanya kazi Tabora alikuja kumchukua akasome huko, na sisi tukabaki tukimsikia kwa mbali tu.

Mimi nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Jioni moja tukiwa tunakula, nikauliza, "Baba, Anaeli na Elifuraha watacheza tena lini?"

Baba aliweka kibuyu chini polepole. Hakupaza sauti.

"Manka," akasema, "jambo lililofungwa kwa isale halifunguliwi kwa mdomo. Atakayelitaja tena humu ndani amelirudisha."

Mama akanitazama kwa lile jicho lake, nami nikameza tonge bila kutafuna. Na usidhani nililichukia neno lile. Nililiona ni hekima tupu. Nimekuwa nikilirudia kwa watoto wangu, nimelisema hata kwenye vikao vya arusi watu wakanipigia vigelegele. Nyinyi pia mna la kwenu mnalopenda kusema: yaliyopita si ndwele. Sikuwahi kujiuliza si ndwele kwa nani.

Anaeli hakurudi nyumbani. Alisoma Bomang'ombe, akaoa, akapata watoto, akawa fundi seremala mwenye jina. Nilimtembelea kila nilipoweza, na alinipokea vizuri kuliko dada yeyote wa mlimani anavyopokewa. Lakini kupanda Mwika, hapana. Krismasi, Wachagga wote duniani wanapopanda kwao, magari yamefungana tangu mjini, yeye anabaki Bomang'ombe na kuku wake. Siku ya mazishi ya mama alikuja, akatupa udongo, akaondoka kabla ya chakula. Tulimcheka. Tukasema kaka yetu amegeuka mtu wa tambarare, baridi ya kwetu haiwezi tena. Kisha mwaka juzi alinunua kiwanja kidogo karibu na nyumba yake akawaambia wanawe kwamba atazikwa pale. Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Mchagga kukataa kihamba cha baba yake hata akiwa maiti! Nililia, nikamsihi, akanijibu tu, "Manka, niache hukuhuku." Sikumwelewa.

Sasa ngoja nikueleze nilivyopigwa na butwaa, tena si mara moja.

Mjukuu wangu Neema anafundisha chekechea pale mjini Moshi. Alitaka kuwaonyesha watoto wake michezo ya zamani, akasikia kwamba mtaani Soweto kuna babu mmoja anakusanya vitu vya kuchezea vya kale. Akanifuata. "Bibi, twende ukanisaidie majina," akasema. "Mimi nikienda peke yangu kila kitu nitakiita kijiti." Nikavaa kitenge changu kizuri, tukaenda.

Mwanangu, nimeingia nyumba nyingi, ile sijapata kuona. Sebule nzima hakuna pa kuweka kikombe. Kuna pia za kuzungusha za mpera na kamba zake, magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, malori ya kopo la maziwa, wanasesere wa gunzi wenye nywele za ndevu za mahindi, manati, gololi zimejaa mtungi, mipira ya majani makavu ya migomba, ubao wa drafti wenye kete za vizibo vya soda. Tuliwakuta wazee wenzake wawili, nao wakusanyaji kama yeye, wakibishana kama pia fulani ni ya mpera au ya mti wa kahawa, kwa ukali wa watu wanaogombea mpaka wa shamba. Mwenye nyumba alikuwa amekaa nyuma ya meza akipangusa lori la kopo kwa kitambaa cha miwani.

"Shikamoo babu," Neema akasema.

"Marahaba, mjukuu. Shika chochote. Hivi vitu vikikaa bila kushikwa vinanuna."

Nilianza kucheka. Nilishika pia, nilishika gunzi, nikajikuta nasimulia mambo ambayo sikujua kama bado ninayo kichwani: jinsi tulivyokuwa tunamzika mwanasesere wa gunzi kwa nyimbo zote za kanisani, halafu tunamfukua tumpikie uji. Wale wazee walinisikiliza kama watoto. Nilikuwa na furaha kweli, nikasema moyoni, kumbe hawa si wehu, wamekataa tu kuzeeka upande mmoja.

Kisha nikaliona, chini ya dirisha, juu ya meza ya peke yake. Gari la mbao, jeusi kwa masizi, linang'aa. Magurudumu matatu ya zamani na moja jipya. Mbele ya ubao, tundu dogo.

Nilikwenda nikaingiza kidole kwenye tundu lile, kidole changu hiki kilichokunjamana.

"Mzee," nikasema, "hili umelitoa wapi?"

"Hilo lilikuwa darini kwetu, juu ya jiko," akasema. "Baba aliliokota mfongoni, akakataa kulichoma. Alisema mwenyewe ameshasamehewa, na chombo chake kimesamehewa naye. Moshi umelilinda, mdudu hakuligusa. Tulipovunja nyumba ya zamani nikalishusha." Akainuka na kuja kwangu. Alikuwa akichechemea. "Na hili ndilo lililonipa mwendo huu."

"Elifuraha?"

Akasimama. "Wewe ni nani?"

"Manka. Mdogo wake Anaeli."

Mwanangu, wale wazee wawili waliacha pia yao. Elifuraha alinishika mikono yote miwili, kitambaa cha miwani kikaanguka, na hakuna aliyekiokota. Tulikaa chini. Aliniambia alivyofanya kazi ya kupiga chapa vitabu Tabora mpaka akastaafu, mkewe akafariki, akarudi na kujenga Soweto kwa sababu mguu hauwezi tena milima. Nilimuuliza kwa nini anakusanya vitu vile. Akasema utotoni, baada ya ajali, wenzake walikuwa wanacheza yeye akiwa amekaa pembeni anatazama, na mtu anayetazama hujua mchezo kuliko anayecheza. Kila kichezeo cha watoto alikijua kwa macho miaka mingi kabla hajakishika.

Nilidhani mshtuko umekwisha. Ndipo akaniuliza swali kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu.

"Anaeli bado ana kinyongo na mimi?"

"Kinyongo gani, kaka? Aliyevunjika mguu si wewe?"

"Mimi ndiye niliyemvuta shati tukateremke kanisani. Yeye hakutaka. Alisema baba amekataza. Nikamwita mwoga." Akafuta macho. "Wakampeleka mbali kwa ajili yangu. Nimerudi Moshi nikasema atasikia, atakuja. Hakuja. Nikaona basi, ana haki yake."

Neema alimpiga picha akiwa amekaa kando ya gari. Nilitoka pale nikiwa na hasira na kaka yangu. Nikasema huyu mtu ana moyo wa jiwe, nusu saa tu ya basi na hajaja kumwona mwenzake. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, nikamshika Neema mkono tukaenda Bomang'ombe nikiwa nimefunga mkanda wa kugomba.

Tulimkuta Anaeli uani na mkewe, Mama Gloria, wakipukuchua mahindi. Sikusubiri hata chai. Nikamwambia Neema ampe simu aone. Anaeli akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akairudisha mbali.

"Hilo gari ni langu," akasema mara moja. Uso ukamlegea kwa furaha, nikamwona tena yule mvulana. "Mringaringa huo. Tundu la bendera yako lile pale! Liko wapi?" Kisha akatazama tena. "Na huyu mzee ni nani?"

"Si ndiye Elifuraha huyo."

"Elifuraha yupi?"

"Wangapi unaowajua? Elifuraha wa jirani. Anakaa Soweto."

Gunzi lilimdondoka. Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu aliye hai.

"Elifuraha alikufa," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Nilimwona. Manka, nilimuua mimi. Nilimtikisa hakuamka."

Mama Gloria alisimama, mahindi yote yaliyokuwa kwenye kanga yake yakamwagika, kuku wakaja. Neema naye ameziba mdomo kwa mikono. Na mimi, mwanangu, mimi niliyekuja kugomba, nilihisi kama kuna mtu amenipiga ubao wa kichwa. Miaka yote ile! Mtoto wa watu yuko Tabora anapiga chapa vitabu, na ndugu yangu wa damu yuko hapa anatembea na maiti yake begani.

"Hukuuliza?" nikasema hatimaye. "Kaka, hukumuuliza mtu?"

"Nilimuuliza mama. Kila alipokuja kunitembelea nilianza kumuuliza, ananiziba mdomo kwa kiganja. Ungekuwa mimi ungeelewa nini?" Akaokota gunzi, akaliweka tena chini. "Nikisikia mtu anaongea Kimwika sokoni, nahama njia. Siku ya mazishi ya mama nilimwona mama yake Elifuraha anakuja upande wangu, amenyoosha mikono. Nikajua anakuja kunidai mwanawe. Nikakimbia."

Mungu wangu! Yule mama, Mungu amrehemu, nilikuwa nimesimama karibu naye siku ile. Alikuwa anakwenda kumsalimia. Alikuwa ananiambia, "Acha nikamkumbatie kijana wangu."

Sikumwambia kaka hilo siku hiyo. Nisingeweza.

Mama Gloria alikaa chini palepale kwenye mahindi. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Mimi nikadhani unaona aibu kunipeleka kwenu."

Anaeli hakufurahi, kama unavyodhani angefurahi. Aliinuka, akaingia kwenye mahindi nyuma ya nyumba, na tulimsikia huko akipiga mayowe. Alikuwa anamwita baba. Si kwa heshima. Mzee mwenye wajukuu alikuwa anamuuliza baba yake aliyekufa zamani, "Ulishindwa kuniambia? Neno moja tu! Ulishindwa?" Sikumnyamazisha. Moyoni nami nilikuwa namuuliza baba hilohilo, na nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Hekima yake niliyoibeba kama kito ilikuwa imemfunga mwanawe mwenyewe.

Wiki nzima hakupokea simu. Halafu akanipigia yeye, maneno mawili matatu tu: "Njoo unichukue. Tunaanzia Mwika."

Tulipanda. Mdogo wetu wa mwisho ndiye anayekaa kihambani, naye alipomwona Anaeli getini alishindwa hata kumsalimia, akabaki ameshika mundu hewani. Anaeli hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mpaka wetu na wa kina Elifuraha, akapitisha mkono kwenye masale yale kama anayahesabu, akakata moja lililonyooka. Bomang'ombe nako masale yapo, lakini alisema la huko si la baba yake. Akalikunja kwenye kitambaa cheupe, tukateremka Moshi.

Elifuraha alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi, kwa mguu ule. Anaeli alipofika mbele yake alipiga goti moja, kwa shida, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Maneno aliyokuwa ameyapanga yote yalikimbia, akabaki kusema, "Nimechelewa. Nimechelewa, ndugu yangu."

Elifuraha hakulipokea.

Neema alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Kukataa isale! Jambo hilo kwetu halijawahi kutokea, au kama limetokea waliolifanya hawakutajwa tena. Nikasema moyoni, kumbe nimemleta kaka yangu aje aaibishwe mbele ya mjukuu.

"Siwezi," Elifuraha akasema. Alikuwa analia. "Baba yako alilileta la kosa hili, baba yangu akalipokea. Isale halipokelewi mara mbili kwa kosa moja. Wewe huna deni hapa, Anaeli. Hukuwahi kuwa nalo tangu tukiwa watoto."

Kisha akalichukua lile jani mikononi mwa kaka yangu, akashika fremu ya mlango, na yeye mwenye mguu mbovu akateremka mpaka chini, akapiga magoti yote mawili. Akaligeuza, akamnyooshea Anaeli.

"Hili ni langu kwako," akasema. "La kukuita mwoga ukateremka. Na la wazee wangu, waliokusamehe wasikuambie."

Nilijikuta nami nimepiga magoti, haya magoti yangu yanayolia, nimelishika lile isale kwa upande mwingine. Sikuwa nimepanga. "Na la baba na mama," nikasema. "Kaka, na la kwetu pia."

Anaeli alitutazama. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba hawezi kukataa. Lakini hakulichukua haraka. Aliketi chini kwenye sakafu ya kibaraza, akatuuliza.

"Na Krismasi zangu nani atanirudishia?"

Angejibu nani? Wazee watatu tumekaa sakafuni, Neema analia mlangoni, na wale wakusanyaji wawili waliokuwa ndani wamesimama dirishani na pia zao mkononi, hawajui watoke au wabaki. Mwisho Anaeli akanyoosha mkono, akalipokea. Kisha akatoa simu akampigia mkewe.

"Mama Gloria," akasema, "kile kiwanja cha kaburi, pandeni mahindi."

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu najua na wewe una mtu. Kila nyumba ina mtu ambaye haji Krismasi, na kila nyumba ina jibu la kuchekesha la kwa nini haji. Ametajirika, ametekwa na mkewe, amekuwa na maringo. Acha kucheka. Nenda ukamuulize, uso kwa uso, na ukubali jibu litakalokuangusha.

Na ukimsamehe mtu, mwambie. Usimsamehe kwa kunyamaza, usimsamehe kwa wazee, usimsamehe kwenye maombi ambayo yeye hayasikii. Mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, kwa jina lake, hata kama alikuwa mtoto wakati ule, tena hasa kama alikuwa mtoto. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo humwangukia yule ambaye hakuambiwa. Wazazi wangu walikuwa watu wema, waliopatana na jirani kwa heshima zote za kwetu, na wema wao haukumfikia mwana wao aliyekuwa anauhitaji. Ulikwama kwenye midomo yao. Usiogope kulifungua lililofungwa ikiwa kuna mtu amefungiwa ndani yake.

Watu wakikuambia kwamba wale wazee wanaokusanya pia na magari ya kopo wamepungukiwa akili, wajibu kwamba Bibi Manka amewaona na anawaheshimu. Vitu vya kuchezea huwakumbuka watu tuliokoma kuwataja. Wewe pia wataje walio wako kabla mtu mwingine hajakuonyesha picha zao.

Inamisha kichwa nikuwekee mkono. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akupe mdomo mwepesi wa kusamehe na sikio jepesi la kusamehewa. Akupe ndugu wanaokuja, na nyumba isiyo na mtu anayeogopa kuingia. Uende salama, mwanangu, na unaporudi uje na yule uliyekuwa umenyamaza naye.